Siku Nilipopaka Nati Rangi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka hujikuta nikitazama kucha zangu, kana kwamba bado zina rangi ya fedha. Nimeikumbuka tena jana uliponipigia simu ukasema gari lako limeanza kutetemeka ukifika themanini kwenye barabara ya Athi River, na kwamba ukipita tisini linatulia, kwa hiyo huenda si neno. Hiyo "huenda si neno" uliisema kwa sauti ninayoijua vizuri. Ni sauti yangu mwenyewe, nilipokuwa na umri kama wako.

Nilikuahidi nitakupigia baadaye. Badala ya kupiga nimeketi kuandika, kwa sababu mtu aliyesoma kama baba yako hawezi kumwambia mtu "peleka gari kwa fundi" bila kwanza kupitia nusu ya maisha yake. Nivumilie. Fundi hafungui kabla ya saa mbili asubuhi hata hivyo.

Ilikuwa miaka ya tisini, nikiwa mwalimu wa historia katika shule moja ya sekondari. Nyanya yako, ambaye umebeba jina lake na ndiyo maana nakuita mama mbele za watu, alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Alikuwa akinitambua kwa hatua zangu na kwa kikohozi. Sura yangu alikuwa ameipoteza zamani. Baada ya kubembelezwa sana alikubali kupasuliwa jicho la kulia, katika hospitali moja mjini Machakos, kwa sharti lake: hili likikataa, hilo lingine hakuna atakayeligusa. Kwa hiyo tulikuwa na jicho moja tu la kujaribia.

Siku ya kumruhusu kurudi nyumbani, daktari alimfunika jicho kwa kitambaa na kikombe kidogo cha plastiki juu yake, kisha akanigeukia mimi.

"Jicho limeshonwa kwa uzi mwembamba kuliko unywele," alisema. "Asiiname, asibebe kitu, asikohoe kwa nguvu ikiwezekana. Na zaidi ya yote, asitikiswe. Jumatatu mrudishe nilifungue. Mtaenda na nini?"

"Usijali, daktari. Niko na gari."

Nililitamka neno hilo kama mtu aliyetaja dawa.

Gari lenyewe halikuwa langu. Lilikuwa pikapu kuukuu ya mjomba wangu, na nilikuwa nimeiazima tangu Jumamosi kwa sababu ambayo sasa itabidi niieleze, ingawa ningependelea kutoieleza. Kwetu Kola, mgonjwa akirudi kutoka hospitali, kijiji chote hukusanyika uani kumpokea. Lakini kabla ya kumtazama mgonjwa, watu hutazama kilichomleta. Vijana hulizunguka gari mara mbili wakipiga tairi mateke, na wazee hujifanya hawatazami. Mimi nilikuwa mtu wa kwanza kijijini kuvaa joho la chuo kikuu, na kwa miaka miwili tangu nilivae walikuwa wakiniona nikishuka kutoka kwenye malori ya mchanga, na vumbi hadi kwenye nyusi. Niliona hii ndiyo nafasi yangu.

Kanisa letu lilikuwa limetoka tu kupaka madirisha yake ya chuma rangi ya fedha, na kopo moja likabaki nusu. Nikaliomba. Mtu mwingine angepaka magurudumu yakiwa palepale kwenye gari, upande wa nje unaoonekana, akaenda zake kunywa chai. Mimi nilikuwa nimesoma, na kazi ya msomi haifanywi nusunusu. Niliyavua yote manne, moja baada ya jingine, nikayalaza chini, nikapaka mbele, nikapaka nyuma, nikapaka ndani ya matundu ya bolti. Nikaona rangi bado ipo, nikarudia. Nati nazo nikazitumbukiza katika kopo moja moja, kama mandazi kwenye sukari, nikazianika juu ya gazeti. Zilipokauka nikayarudisha magurudumu na kukaza kwa kusimama juu ya spana kwa uzito wangu wote, ambao wakati ule haukuwa mwingi.

Katika shughuli hiyo nzima, ya siku nzima, haikunijia hata mara moja kwamba mtu niliyekuwa nikimrembeshea magurudumu hayo alikuwa haoni.

Asubuhi ya kwenda hospitali nilisimama mjini kwa Mzee Idi kujaza upepo. Mzee Idi alikuwa fundi wa pancha karibu na msikiti. Babu zake walitoka pwani, yeye alizaliwa hapohapo Machakos, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kiasi cha kunifanya nione haya kwa cha kwangu. Alikaa juu ya kigoda chake, akalitazama gari likiingia, akacheka.

"Mashallah, mwalimu. Haya ni magurudumu ya harusi."

"Ya mama, mzee. Namtoa hospitali leo."

Akachuchumaa, akakwaruza nati moja kwa ukucha. Rangi ikabanduka kama ganda la yai. Hakucheka tena.

"Umepaka na huku ndani? Pale gurudumu linapoegemea?"

"Kote, mzee," nikasema kwa fahari.

"Basi hukukaza chuma, bwana. Umekaza rangi. Rangi itasagika, na ikishasagika nati itabaki na nafasi ya kucheza. Umetoka Kola nayo hivi hivi? Hebu lete spana nizipitie tena."

Nikatazama saa. Daktari alikuwa amesema saa nne, na ilikuwa imebaki robo.

"Nitakaza nikifika nyumbani, mzee. Nilisimama juu ya spana kabisa."

"Kusimama ulisimama. Nipe dakika tano tu."

"Nikirudi, mzee."

Akanitazama kidogo, akafuta mikono kwa tambara. "Haya. Lakini likianza kucheza njiani, usibishane nalo."

Nikaondoka. Nakumbuka nilimwonea huruma kidogo, kwa jinsi watu wasiosoma wanavyopenda kuongeza hofu.

Nilimweka mama mbele, kushoto kwangu, mto mmoja mgongoni, mwingine chini yake, blanketi magotini, ingawa jua lilikuwa kali. Hakuwa akiona kitu. Jicho moja lilikuwa limefungwa na jingine lilimpa mwanga tu, kama wa dirisha lenye pazia. Alikaa wima akishika mkono wa mlango, kidevu juu, kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa. Niliendesha polepole sana kutoka mjini, nikiyakwepa mashimo kana kwamba kila moja lilikuwa na jina langu.

Ulianza tulipovuka daraja la kwanza. Mtikisiko mdogo, wa mbali, kama mtu anayetingisha goti chini ya meza. Nikapunguza mwendo. Haukuondoka. Ulizidi kuwa mzito, na sasa ulikuwa na mapigo: tuku, tuku, tuku.

"Ni nini hiyo?" mama akauliza. Kwa Kikamba, bila shaka. Tulizungumza Kikamba tu, mimi ndiye ninayemvika Kiswahili hapa.

"Ni barabara, mwaitu." Mwaitu ndilo jina tunalomwita mama.

"Barabara hii naijua tangu ikiwa njia ya ng'ombe."

"Mvua imeiharibu."

Nilimtazama kwa pembeni. Mkono wake wa kulia ulikuwa umepanda hadi shavuni, vidole vimetandazwa chini ya kile kikombe cha plastiki, bila kukigusa, kama mtu anayekinga mshumaa.

Sasa, mimi sikuwa mjinga kabisa kuhusu magari. Nilikuwa na kitabu. Nilikiazima katika maktaba ya chuo kikuu na, kwa bahati mbaya, nikahitimu kabla ya kukirudisha. Kilieleza vizuri sana kwamba gari likitetemeka, mara nyingi gurudumu limepoteza usawa wake: upande mmoja ni mzito kuliko mwingine, hata kama ni kwa uzito mdogo sana, na likizunguka kwa kasi uzito ule hulirusha. Dalili yake, kilisema, ni usukani kutetemeka mikononi. Nilikuwa nimeisoma sura ya magurudumu ya mbele yote. Ya magurudumu ya nyuma nilikuwa sijaifikia.

Usukani wangu haukutetemeka hata kidogo. Ulikuwa umetulia mikononi kama kitabu cha nyimbo. Mtu mwenye akili angesema, basi tatizo haliko mbele. Mimi nilisema mikono yangu imekufa ganzi kwa wasiwasi.

Nikasimama kando ya barabara, nikamwambia mama nakwenda kuangalia kitu kidogo, nikachungulia gurudumu la mbele kushoto. Na kweli, ndani ya rimu nikakuta tope jekundu limeganda, donge kubwa kama nusu ya mkate, la mvua ya juzi, iliyonyesha nilipokuwa nimeshapaka. Upande wa nje nilikuwa nimefuta hadi ukang'aa, ndani sikujisumbua. Nilifurahi, mwanangu, kama mtu aliyeokota kitambulisho chake. Tope la namna hiyo hutetemesha gari kweli, na kitabu kilisema hivyo. Nikalibandua kwa kijiti, nikarudi ndani nikipangusa mikono.

"Lilikuwa tope tu, mwaitu. Limeisha."

Tuliondoka. Kwa mita mia hivi ilikuwa kimya, au mimi ndiye niliyekuwa nimeziba masikio. Kisha tuku, tuku, tuku. Safari hii sauti ilikuwa na mkwaruzo ndani yake.

"Haitoki mbele," mama akasema. "Inatoka huku nyuma yangu. Upande huu wangu, chini."

"Mwaitu, wewe huoni."

"Makalio yangu hayajapasuliwa."

"Sauti husafiri ndani ya gari. Inaweza kutoka mbele, ukaisikia nyuma."

"Mimi sijasema sauti. Nimesema inanigonga hapa." Akapiga kiti kwa kiganja, kidogo tu, kisha akakumbuka na kuurudisha mkono shavuni.

Sikumsikiliza. Ninaposema sikumsikiliza, usidhani nilimdharau. Nilikuwa na hofu, na hofu yangu ilikuwa imeshachagua gurudumu. Ukishachagua gurudumu ni vigumu sana kulibadilisha. Niliamini kwamba ile tairi ya mbele kushoto ilikuwa na uvimbe ambao sikuuona, na kwamba nikiibadilisha kila kitu kitatulia. Nikasimama tena, palipokuwa na tambarare kidogo kabla ya mteremko wa mwisho wa kwenda kwetu. Nikachukua jeki, nikainua mbele.

"Unafanya nini?" mama akaita kutoka ndani. "Asi! Mbona naelea?"

Nilikuwa nimemsahau ndani. Nilikuwa nimeliinua gari pamoja na mama mzima, jicho na nyuzi zake.

"Ni kidogo tu, mwaitu! Shika mlango!"

"Ningeshika nini kingine?"

Wakati huo akatokea jirani yetu Mbithe, mama mnene mcheshi, akiswaga punda wake wawili wenye mitungi ya maji. Akasimama, akaweka mikono kiunoni.

"Mwalimu, hii gari umeivisha bangili?"

"Ni ya mjomba."

"Bangili nimeuliza. Na mama umemweka wapi? Uiii, mwenye jicho! Mbona umeinuliwa kama kiti cha enzi?"

"Muulize mwanangu," mama akajibu. "Mimi ni mzigo tu."

Wakacheka wawili hao, nami nikiwa nimepiga magoti vumbini nikijaribu kulegeza nati. Zililegea upesi mno, na ningalipaswa kujiuliza kwa nini. Badala yake, nakuambia ukweli wa aibu, nilikuwa nikisikitika kwamba tairi ya akiba haikupakwa rangi, na kwamba tungeingia kijijini na magurudumu matatu ya fedha na moja jeusi. Nikaifunga hiyo nyeusi, nikashusha jeki, nikamuaga Mbithe na kuwasha gari.

Hatukufika mita thelathini. Mama alinishika mkono kwa kucha na kusema "Simama," na wakati uleule Mbithe akapiga ukelele nyuma yetu.

"Mwalimu! Ya nyuma! Hiyo ya nyuma inacheza! Inataka kutoka!"

Mbele yetu barabara ilikuwa ikianza kuinama, na upande wa kushoto hapakuwa na kitu ila hewa na, mbali sana chini, paa za mabati za watu tunaowajua.

Nilisimama. Sijui nilisimamaje bila kumtikisa. Nikashuka, nikazunguka nyuma kushoto, pale mama alipokuwa akinionyesha tangu mwanzo kwa kiganja chake. Gurudumu lilikuwa limeinama kama kofia ya mlevi. Nati mbili kati ya tano hazikuwepo. Ya tatu ilikuwa mwishoni mwa bolti yake, na hizo nyingine mbili nilizizungusha kwa vidole viwili, kama kifuniko cha chupa. Ile rangi yangu nzuri ilikuwa imesagika pande zote ikawa unga wa kijivu, na matundu ya rimu yalikuwa yameanza kuwa marefu kwa kugongwa.

Mbithe alikuja akachungulia juu ya bega langu. Hakutania. Alimfungulia mama mlango, akamshusha kama mtu anayeshusha trei ya mayai, akamkalisha juu ya blanketi kando ya barabara na kumfunika kichwa kwa leso yake.

"Gurudumu likoje?" mama akauliza.

"Limebaki kidogo litoke, mwaitu."

"Ulijua tangu wapi?"

Nilikuwa na panga la mjomba mkononi, nililolitoa nyuma ya kiti, nimekwisha kuanza kukwangua rangi.

"Tangu darajani nilijua kuna kitu."

"Na ukaniambia ni barabara."

"Sikutaka uogope."

"Woga nilikuwa nao tayari," alisema. Hakupandisha sauti, nadhani kwa ajili ya jicho. "Nimekaa na woga wangu peke yangu njia nzima kwa sababu wewe ulikataa kuwa na wako. Ungeniambia ukweli pale darajani, ningeshuka. Ningekaa chini kama sasa, ukatafuta ugonjwa wa gari lako hata mpaka jioni. Hili jicho ni langu. Wewe ulipewa usukani tu."

Nikaweka jeki, nikainua nyuma.

Nilivua gurudumu lile, nikakwangua rangi kwa ncha ya panga kila mahali chuma kilipokutana na chuma: mgongoni mwa rimu, kwenye uso inapoegemea, ndani ya matundu, kwenye nati zenyewe hadi zikarudi kuwa nati. Nikachukua nati moja kutoka gurudumu la kulia nyuma na moja kutoka la kulia mbele, nikazifunga kushoto zikatimia tano. Nikakaza kwa kuvuka, hii kisha ile inayoikabili, kama nilivyowahi kumwona Mzee Idi akifanya. Kisha nikaenda kwenye magurudumu mengine kujaribu nati zake, na kila moja, mwanangu, kila moja ilizunguka karibu nusu duru kabla ya kukataa. Hata hiyo ya mbele niliyotoka kuifunga muda ule ule. Nikazikaza zote upya.

"Tayari, mwaitu. Sasa iko sawa kabisa."

"Vizuri," mama akasema. "Endesha. Mimi nitatembea."

"Mwaitu, nimekaza!"

"Daktari alisema nisitikiswe. Hakusema nisitembee. Mbithe, nipe mkono."

Na ndivyo tulivyoingia nyumbani. Mbele ilikwenda pikapu tupu yenye magurudumu ya kung'aa, kwa mwendo wa konokono, msomi wa kijiji akiwa peke yake nyuma ya usukani. Nyuma yake, katika vumbi alilotimua, alikuja mama yake mwenye jicho lililofungwa, kwa miguu, akishikwa mkono na jirani. Nyuma yao walikuja punda wawili. Uani palikuwa na watu kama hamsini. Hakuna aliyepiga tairi teke. Mjomba wangu alitoka katikati yao, akalitazama gari lake, akamtazama dada yake, akanitazama mimi.

"Nisaidie nielewe," akasema. "Hii gari nilikupa ya nini?"

Kesho yake nilikwenda mjini kwa basi kutafuta nati na bolti, nikamweleza Mzee Idi yote. Nilitarajia anicheke. Aliniuliza jambo moja tu, jicho la mama likoje, na nilipomwambia hatujui hadi Jumatatu, akavua kofia yake, akaanza kunichagulia nati. Siku zile tano zilikuwa ndefu kuliko miaka yangu yote ya chuo. Kila mama aliposema "kunawasha" au "kuna maji yanatoka," mimi nilisikia tuku, tuku, tuku. Sikulala vizuri. Niliomba kwa ahadi ambazo zingine bado sijatimiza.

Jumatatu daktari alifungua kitambaa taratibu. Mama alipepesa, akakodoa, akanitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe una ndevu," akasema.

Nililia pale pale, mbele ya muuguzi, bila mpango. Lakini usikimbilie kufurahi, maana hadithi haikuishia hapo. Daktari alipompima zaidi, mama alisema upande mmoja wa chini kulikuwa na ukungu, kama kioo kilichoguswa na mkono wa mafuta. Daktari akauliza kama kulikuwa na mtikisiko wowote njiani. Nikamweleza kila kitu, hata kopo la kanisa. Akasema ukungu huo huenda umetokana na safari, huenda umetokana na kidonda kupona vibaya, huenda ulikuwepo kabla. Hakuna wa kujua. Nyanya yako aliishi na ukungu ule hadi mwisho. Aliuita "ile kona," na alijifunza kugeuza kichwa kidogo ili kuikwepa. Wewe ulidhani ndivyo anavyopenda kuwatazama watu. Jicho la pili alikubali baadaye lipasuliwe, na likaenda vizuri, na mimi ndiye niliyelipa nauli ya basi.

Sasa basi, mwanangu, hilo gari lako.

Kutetemeka karibu na themanini kisha kutulia ukizidisha mwendo mara nyingi ni gurudumu lililopoteza usawa, na hilo ni jambo dogo. Lakini "mara nyingi" ndilo neno lililokaribia kunitupa bondeni, kwa hiyo usiishie hapo. Sikiliza kwanza mwili wako. Usukani ukitetemeka mikononi, anzia mbele. Kikiwa ni kiti kinachotetemeka na mikono imetulia, anzia nyuma, hata kama hujaifikia sura hiyo. Angalia kutetemeka kunavyofanya ukipunguza mwendo: kukipotea kabisa una nafuu. Kukibaki na kuwa kuzito, kukigonga kwa mapigo, usiende popote, hata dukani. Gari likitetemeka unapokanyaga breki tu, mwambie fundi hivyo hivyo, maana huo ni ugonjwa mwingine. Pitisha kiganja juu ya tairi taratibu uone kama kuna uvimbe au mahali palipolika kuliko pengine. Chungulia ndani ya rimu, maana tope lipo kweli, ila ukilipata usishangilie na kuacha kutafuta. Fundi aliinue gurudumu na kulitikisa juu na chini, kisha kushoto na kulia; likicheza, kuna kitu kimelegea ndani ambacho macho hayataona. Na kabla ya yote hayo, kwa sababu ni kazi ya dakika tano, shika nati. Mtu akikubadilishia tairi, ukienda mwendo kidogo simama uzikaze tena. Mtu akitaka kukupakia rangi, apake panapoonekana tu.

Mwombe mtu asimame kando ya barabara akutazame ukipita. Aliye nje huona mambo ambayo dereva hawezi kuyaona, hata awe na shahada ngapi.

Lakini ningekuwa na nafasi ya kukuachia jambo moja, lisingekuwa la gurudumu. Umeniambia kwamba unabeba wenzako watatu kila asubuhi kwenda kazini, na kwamba hujawaambia kitu usije ukawatia wasiwasi. Waambie. Waambie leo, kabla hujamwambia fundi. Wana macho yao, miguu yao, watoto wao, na wewe umepewa usukani tu. Wakitaka kutembea, watembee. Wakitaka basi, wapande basi, na usione aibu kufika peke yako. Na mmoja wao akikwambia anahisi kitu nyuma, upande wake, chini, usimweleze jinsi sauti inavyosafiri.

Mungu akufikishe salama kila uendako, mwanangu, na kila unayembeba afike kama alivyopanda. Akupe watu wenye ujasiri wa kukuambia simama, na akupe wewe mguu mwepesi wa kusimama kabla hawajalisema mara ya pili.